Kabla Hujasema "Iko Sawa": Kagua Tangazo Lako Kabla Pesa Haijapotea Njia

Panda matatu Ruiru uelekee Thika, ukae dirishani. Pita Juja, ingia mjini Thika, endelea hadi Blue Post pale kwenye maporomoko ya mto Chania. Njiani hesabu nambari za Till utakazoona: ukutani mwa saluni, mlangoni mwa gereji, kwenye kioo cha duka la dawa, ubavuni mwa mkokoteni wa matunda. Utachoka kuhesabu kabla hujafika.

Zamani bango la biashara lilikuwa na kazi moja tu, kumwambia mteja uko wapi na unauza nini. Lipa na M-PESA ilipoanza mwaka wa 2013, bango lilipata kazi ya pili: likawa mahali pa kulipia. Mteja anasoma nambari, anaibonyeza kwenye simu yake, pesa inatoka. Haulizi mtu. Ndiyo maana kosa kwenye tangazo la leo si aibu ya herufi tu. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, pesa yako inaingia kwa mtu usiyemjua.

Na mara nyingi kosa hilo haliji kwa sababu dizaina hajui kazi. Linaingia kwenye WhatsApp, mahali fulani kati ya "nimetuma, angalia" na "iko sawa".

## Mambo yanavyoharibika

Tuchukue mfano. Hatumzungumzii mtu fulani, lakini kama unafanya biashara huenda ukajiona humu.

Mama mmoja anaoka keki nyumbani kwake Ruiru. Krismasi inakaribia na anataka vipeperushi 500 vya kugawa stejini na kanisani, pamoja na picha ya kuweka kwenye status. Dizaina ni kijana aliye Thika. Mchapishaji yuko River Road, Nairobi. Watatu hawa hawajawahi kukaa meza moja. Kazi yote inafanyika kwenye simu.

Mama anatuma maelezo kwa sauti, dakika tatu, akiwa jikoni na mashine ya kukoroga unga ikilia. Nambari ya Till anaitaja humo humo. Kijana anasikiliza, anaandika, anatuma picha ya kwanza. Mama anaipeleka kwenye kikundi cha familia. Binti yake anataka rangi ya waridi. Shemeji anasema maandishi ni madogo. Mzee wa nyumbani anauliza kwa nini keki ya ndizi haipo. Kila mmoja anapewa nambari ya kijana amwambie mwenyewe.

Kufikia jioni ya pili kuna faili nne: Keki, Keki Final, Keki Final 2 na Final ya Mwisho. Kwenye faili ya pili mama aligundua tarakimu mbili za mwisho za Till zimegeuzwa, 47 ikawa 74. Alisema, na kijana akarekebisha kwenye ya tatu. Lakini alipoongeza keki ya ndizi kwenye ya nne, alianzia kwenye faili ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na rangi ambayo binti aliipenda. Kosa likarudi kimyakimya.

"Mum, nimeweka vile mlisema. Niambie kama napeleka, mchapishaji anafunga saa kumi na moja."

Mama yuko kwenye matatu. Anafungua picha, anaona keki ya ndizi, anaona rangi. Hasomi nambari, maana nambari alisharekebisha jana.

"Iko sawa kijana wangu, peleka."

Vipeperushi 500 vinachapishwa. Siku tatu baadaye mteja anapiga simu: "Madam, nimelipa keki tangu asubuhi, mbona kimya?" Mama anaangalia simu. Hakuna kitu. Mteja anamsomea ujumbe wake: pesa imeenda kwa duka asilolijua hata jina.

Hapo ndipo hesabu inakuwa chungu. Pesa ya uchapishaji imeenda. Vipeperushi viko mikononi mwa watu na haviwezi kurudishwa. Na kubwa zaidi, mama hawezi kuirudisha pesa ya mteja hata akitaka, kwa sababu muamala si wake. Ni mteja mwenyewe, aliyetuma, anayepaswa kuomba irudishwe. Kwenye M-PESA huanza kwa kutuma ule ujumbe wa muamala kwa 456, na hata hivyo kama aliyepokea ameshaitoa pesa, kuipata si jambo la uhakika. Kwa hiyo mama ana njia mbili: atoe keki bila kulipwa, au amwambie mteja alipe mara ya pili. Zote mbili zinauma.

Sasa tazama kosa lilipoingia. Kila mtu alifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mpango wa kukagua. Na mpango huo hauhitaji ofisi wala programu ya bei ghali.

## Anza na ujumbe mmoja ulioandikwa

Maelezo ya sauti ni rahisi kutuma lakini ni magumu kukagua. Huwezi kuyaweka kando ya tangazo ukalinganisha. Andika ujumbe mmoja wenye kila kitu kitakachosomwa na mteja: jina la biashara, bidhaa, bei, tarehe, mahali, simu, nambari ya Till au Paybill. Ukiwa na Paybill, andika pia nambari ya akaunti ambayo mteja atajaza.

Nambari usiikariri. Ifungue kwenye ujumbe uliopokea uliposajiliwa, uinakili kutoka hapo, uibandike. Mwambie dizaina naye ainakili na kuibandika vivyo hivyo, asiichape upya kwa kidole. Picha ya nambari iliyoandikwa kwa kalamu pia haifai, kwa kuwa 1 na 7 hufanana, na 5 na 6 hufanana.

Jambo lingine ambalo wengi hulisahau: andika jina litakalomtokea mteja anapolipa. Till nyingi zimesajiliwa kwa jina tofauti na lile la mlangoni. Duka linaitwa hivi, simu inaonyesha vile, mteja anashtuka na kuacha kulipa, au anazoea kutoangalia jina kabisa. Ukichapisha jina hilo chini ya nambari, umempa kila mteja uwezo wa kugundua kosa au ulaghai anapolipa.

## Mwamuzi awe mmoja

Maoni ya watu wengi yanasaidia. Idhini ya watu wengi inaharibu. Chagua mtu mmoja ambaye ndiye pekee anayeweza kusema "chapisha", na mwambie dizaina ni nani. Binti, shemeji na mzee waseme yao, lakini waseme kwa mwamuzi. Yeye ndiye anayekusanya maoni, anayachuja na kuyatuma kwa dizaina kwa ujumbe mmoja wenye nambari: 1, 2, 3.

Kubalianeni mapema pia marekebisho ni mara ngapi. Mara mbili zinatosha kwa kipeperushi cha kawaida. Ukijua una nafasi mbili tu, utasoma kwa makini ya kwanza, badala ya kutuma jambo moja moja usiku kucha. Na dizaina atajua kwamba akizidishiwa kazi ana haki ya kuongeza bei. Hapo hakuna anayemnunia mwenzake.

## Kila toleo na nambari yake

Acheni majina ya "final". Iteni Toleo 1, Toleo 2, Toleo 3, na nambari hiyo iandikwe pia pembeni ya picha kwa herufi ndogo mpaka siku ya kuchapisha. Sheria ni moja: toleo jipya huanzia kwenye lililotangulia, si la juzi. Mkiamua kurudi nyuma, basi kila kitu kinakaguliwa upya kuanzia juu, hata kile mlichokwisha kurekebisha.

Kuhusu njia ya kutuma, picha ya kawaida kwenye WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora, kwa hiyo herufi ndogo hufifia. Mwambie dizaina atume kama dokumenti, hasa PDF. Kama kazi ni kubwa au watu ni wengi, aweke faili kwenye Google Drive, au akupe linki ya Canva inayoruhusu maoni. Hapo unabonyeza mahali penye kosa na kuandika maoni yako pale pale. Kama bando inakusumbua, WhatsApp inatosha. Fungueni kikundi cha kazi hiyo pekee na mubandike juu ujumbe wa maelezo ili kila mtu auone.

Jihadhari na rangi. Skrini ya simu hutoa mwanga, karatasi haitoi. Nyekundu inayong'aa kwenye simu inaweza kutoka ikiwa imepoa kwenye karatasi. Kama rangi ni muhimu kwako, omba nakala moja ya majaribio, usiamini simu.

## Jaribio la shilingi kumi

Hili ndilo tunalotaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote.

Kabla ya kuidhinisha, chukua toleo la mwisho kabisa, lile faili lenyewe linaloenda kwa mchapishaji. Mpe mtu mwingine simu yake mkononi: jirani, binti, mteja wa karibu. Asome nambari kutoka kwenye tangazo na alipe shilingi kumi. Usilipe wewe mwenyewe. Kidole chako kimeizoea nambari yako na kitaandika iliyo sahihi hata kama tangazo limekosea.

Angalieni mambo matatu. Jina lililotokea ni lako? Pesa imefika kwenye biashara yako? Kama kuna msimbo wa QR, unasomeka na unapeleka kwako? Majibu yakiwa ndiyo yote matatu, nambari iko sawa. Jibu likiwa hapana hata moja, simamisha kazi. Umepoteza shilingi kumi, hujapoteza vipeperushi 500.

Fanya hivyo hivyo kwa nambari ya simu: ipigie. Kwa linki: ibonyeze. Kwa ramani: ifuate kwa macho uone inaishia wapi.

Kisha rudia jaribio mara ya pili kwenye nakala ya kwanza inayotoka kwa mchapishaji, kabla hajaendelea na nyingine. Kama huwezi kufika River Road, akutumie picha iliyo wazi. Dakika tano hizo ndizo bima yako.

## Maneno ya kuidhinisha

"Iko sawa" haisemi nini kiko sawa. Telezesha ujumbe wenye faili, ujibu juu yake, na uandike hivi:

"Nimekubali Toleo 3. Kipeperushi A5, nakala 500, rangi pande zote mbili. Till nimeijaribu leo saa nane, pesa imefika. Chapisha."

Ujumbe kama huu unawalinda wote wawili. Na kumbuka kwamba WhatsApp humruhusu mtu kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15 na hata kuufuta, kwa hiyo ukishaandika, piga picha ya skrini na uiweke pamoja na faili.

Kutoka hapo mnaweza kukubaliana jambo linalogombanisha watu kila siku: kosa likitokea, nani analipa? Njia ya haki ni hii. Kama kosa lilikuwamo kwenye toleo ulilokubali, gharama ni yako. Kama kilichochapishwa ni tofauti na ulichokubali, gharama ni ya aliyekibadilisha. Semeni hivyo kabla pesa haijatoka.

Na pesa yenyewe ifuate kazi. Lipa sehemu mwanzo, sehemu unapoidhinisha, na kilichobaki unapopokea. Kila malipo yapitie simu, si mkononi, ili ubaki na ujumbe wenye tarehe, kiasi na jina. Ukimlipa dizaina kwa mara ya kwanza, linganisha jina linalotokea na lile ulilopewa. Akiomba nywila ya ukurasa wako wa Facebook ili apandishe tangazo, usimpe. Mpe ruhusa ya kusimamia ukurasa kwa akaunti yake mwenyewe, na uiondoe kazi ikiisha. PIN ya pesa, hiyo hapewi mtu yeyote.

## Ruhusa ambazo dizaina hawezi kukupa

Kuna vitu ambavyo hata mwamuzi wako hawezi kuvikubali peke yake.

Picha za watu. Umempiga mteja picha akifurahia keki yako, imetoka vizuri, unataka kuiweka kwenye tangazo. Muombe kwanza, na akubali kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa, na inatekelezwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wakati huo huo shule ya Roma ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ujumbe mfupi tu unatosha kuanza: "Naomba kutumia picha hii kwenye tangazo la duka langu, Facebook na vipeperushi. Unakubali?" Jibu lake lihifadhi. Akikataa, tafuta picha nyingine. Kwa mtoto, muulize mzazi.

Ofa na bei. Usiandike "bei imeshuka" kama haijashuka. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inahesabu madai ya uongo ya namna hiyo kuwa biashara isiyo ya haki. Weka tarehe ya mwisho ya ofa kwenye tangazo lenyewe, maana kipeperushi cha Desemba kinaweza kuletwa dukani kwako mwezi wa Machi.

Bango la nje. Katiba ya 2010 imeweka usimamizi wa matangazo ya nje mikononi mwa kaunti. Kwa Thika na Ruiru, hiyo ni Kaunti ya Kiambu. Ulizia kibali kabla ya kulipa fundi wa bango. Na ukitaka kulisimamisha kwenye hifadhi ya barabara kuu ya Thika, hapo ni eneo la KeNHA. Bango zuri lililong'olewa wiki ya pili ni hasara ile ile.

Tangazo la kulipia mtandaoni. Facebook na Instagram hukagua kila tangazo kabla ya kulionyesha, kwa kawaida ndani ya saa 24, wakati mwingine zaidi. Ukilihariri baadaye, linaweza kukaguliwa upya. Kwa hiyo kama ofa yako inaanza Ijumaa, usipandishe tangazo Ijumaa asubuhi. Lipeleke Jumatano, likiwa limeshapita jaribio la shilingi kumi.

## Kosa likishatoka

Likitokea, usikae kimya kwa aibu. Simamisha ugawaji siku hiyo hiyo. Futa picha yenye kosa kwenye status na kurasa zako, na uweke iliyo sahihi ukisema wazi kwamba nambari ya zamani si yenu. Vipeperushi vilivyobaki vibandike stika yenye nambari sahihi, na stika nayo uijaribu. Kwa wateja waliokwisha kulipa, waambie waanze ombi la kurudishiwa mara moja wao wenyewe, kupitia njia rasmi za mtandao wao, kabla pesa haijatolewa. Akitokea mtu anayepiga simu akijiita huduma kwa wateja na kuomba PIN ili "arudishe pesa", huyo ni mwizi. Kata simu.

## Bandika hii ukutani

1. Maelezo yameandikwa kwenye ujumbe mmoja. Nambari imenakiliwa, haikukaririwa.
2. Jina litakalotokea kwenye simu ya mteja limo kwenye tangazo.
3. Mwamuzi ni mmoja na dizaina anamjua.
4. Faili ina nambari ya toleo na imetumwa kama dokumenti.
5. Bei, tarehe, mahali na simu vimesomwa na mtu ambaye hakuandika tangazo.
6. Waliomo kwenye picha wamekubali kwa maandishi.
7. Mtu mwingine amelipa shilingi kumi kutoka kwenye tangazo lenyewe, na pesa imefika.
8. Idhini inataja toleo, ukubwa na idadi.

Yule mama wa keki angefanya nambari ya saba pekee, akiwa kwenye ile ile matatu, angemwomba abiria wa pembeni amlipie kumi naye amrudishie ishirini. Abiria angesoma jina la duka asilolijua, na vipeperushi 500 vingesubiri kesho. Keki za Krismasi zingelipiwa mahali panapostahili.